Mafanikio ya shule ya uuguzi yahesabiwe pia wodini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili niseme jambo ambalo hunikaa moyoni kila msimu wa mahafali unapowadia hapa Mwanza, pale ambapo magazeti yetu hujaa kurasa za pongezi, picha za majoho na majina ya wanafunzi waliofanya vizuri katika vyuo vya afya. Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Nimefanya kazi katika vituo na hospitali kadhaa za pande zote mbili za Ghuba ya Mwanza, na ingawa sikuwahi kuajiriwa na chuo chochote, wamepita mikononi mwangu wanafunzi wa uuguzi wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Kwa hiyo nikiziona pongezi hizo nafurahi kwelikweli, wala barua hii haikukusudia kuzibeza. Ninachosema ni kwamba pongezi zetu huishia kwenye geti la chuo, ilhali jumuiya iliyomlea mhitimu yule inaanzia pale pale zinapoishia.

Kwanza haki itendeke kwa vyuo vyenyewe. Hospitali ya Bugando, iliyojengwa na Kanisa Katoliki juu ya kile kilima kinachoonekana kutoka karibu kila pembe ya jiji, ilifunguliwa mwaka 1971, na kwa miaka mingi imekuwa kimbilio la rufaa la Kanda yote ya Ziwa, likipokea watu wa Mara, Simiyu, Shinyanga, Geita na Kagera, bila kuwasahau majirani zetu wa Kigoma na Tabora. Mwaka 2003 kikaanzishwa pale chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi, na ndani yake imo shule ya uuguzi iliyopewa jina la Askofu Mkuu Antony Mayala, aliyefariki mwaka 2009. Vijana wa leo wanaweza kuliona hili kuwa jambo la kawaida. Sisi tulioanza kazi wakati muuguzi mwenye shahada alikuwa mtu wa kutafutwa kwa tochi, tukaona kijana anasoma miaka 4, anamaliza mwaka mmoja wa utarajali, kisha anasajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga akiwa na uwezo wa kusimama mbele ya daktari na kueleza kwa nini anadhani dozi ile imezidi, hatuwezi kuliita jambo la kawaida. Ni mabadiliko makubwa, na yametokea katika umri wetu.

Naendelea kushangazwa pia na namna vijana hawa wanavyokuwa watu wa huku. Anakuja binti kutoka Mtwara au Pemba ambaye hajawahi kusikia Kisukuma, na baada ya miezi michache unamkuta amepiga goti kando ya kitanda cha bibi aliyeletwa kutoka Magu, anamwambia "Mwangaluka, mayu," na bibi ambaye tangu jana alikuwa amegeukia ukutani anageuka na kuanza kueleza maumivu yalipo. Maneno hayo hakufundishwa darasani. Amefundishwa na mhudumu wa wodi, au na mama lishe anayemkopesha chakula mkopo unapochelewa, au na mwenye nyumba wake huko chini ya mlima. Hao nao ni jumuiya ya shule ya uuguzi, japo sijawahi kuona kadi ya mwaliko wa mahafali ikipelekwa kwa mama lishe.

Lakini kundi ninalotaka hasa kulisemea ni la wauguzi wa wodini. Kila mwaka Mei 12, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820, wauguzi wetu huwasha mishumaa na kula kiapo kinachobeba jina lake. (Nidokeze tu kwamba kiapo chenyewe hakukiandika yeye, kiliandikwa Detroit, Marekani, mwaka 1893.) Tunachosahau ni kwamba mama yule alikuwa mtu wa hesabu, ambaye baada ya vita vya Krimea alichora michoro iliyowaonesha wakubwa wa Uingereza kuwa askari waliokufa kwa maradhi walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa majeraha. Tunasahau vilevile kwamba katika shule iliyofunguliwa kwa mfuko wake mwaka 1860, kwenye hospitali ya St Thomas' mjini London, wanafunzi walifundishwa kazi kwa sehemu kubwa na masista waliosimamia wodi, wakiwa kazini, mbele ya wagonjwa. Tangu mwanzo, basi, walimu wa uuguzi walikuwa wa aina mbili, na ni aina moja tu ambayo leo hupanda jukwaani.

Nieleze mwalimu wa aina ya pili anafanya nini, kwa kisa changu mwenyewe. Nikiwa bado mgeni kazini, katika hospitali ambayo sitaitaja, niliagizwa kumpa mzee mmoja mwenye matatizo ya moyo nusu lita ya maji ya dripu kwa saa 8. Seti tuliyokuwa nayo ilitoa matone 20 kwa kila mililita, kwa hiyo yalitakiwa matone kama 21 kwa dakika. Mimi nikaweka 42, kana kwamba maji yale yalitakiwa yaishe kwa saa 4, nikaenda zangu kwa mgonjwa mwingine nikiwa na amani kabisa. Inchaji wetu, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, mama mmoja mnene asiyepandisha sauti, akapita, akasimama, akatazama saa aliyoibana kifuani, na midomo yake ikawa inatikisika taratibu akihesabu. Akapunguza dripu. Hakunigombeza mbele ya mgonjwa. Aliniita kwenye meza ya ripoti, akanipa karatasi na kalamu, akasema, "Binti, hebu hesabu tena, na safari hii nieleze kila namba imetoka wapi." Nilihesabu mara tatu kabla sijaliona kosa langu. Tangu siku ile hadi nastaafu sikuwahi kuifungulia dripu na kuondoka bila kusimama dakika nzima nikihesabu, na wanafunzi wote niliopewa niliwasimamisha hivyo hivyo, wengine wakininung'unikia kwamba sista huyu ana mambo ya kizamani.

Inchaji yule hakuwa na cheo chochote chuoni, wala hakulipwa hata senti kwa kazi ya kunifundisha. Mhitimu mmoja wa shahada huwa amepita kwa wauguzi wengi wa namna hiyo: aliyemwonesha jinsi ya kushika mkono wa mtoto anayepigana na sindano, aliyemkatalia kusaini kitabu cha mazoezi mpaka arudie kunawa mikono, na yule wa zamu ya usiku aliyemwamsha saa tisa ili asikilize kwa kile kipembe cha mkunga mapigo ya moyo wa mtoto tumboni, asikie kwa sikio lake tofauti kati ya mapigo 140 na mapigo 100 kwa dakika. Mdoli wa kufundishia hauwezi kukupa hofu ile, na ninaamini kuwa bila hofu ile hakuna mkunga. Ndiyo maana nasema vyuo vyetu vina sababu ya kujivunia vitu viwili: walimu wake, na ukarimu wa wodi zinazokubali kubeba mzigo wa kufundisha juu ya mzigo wa wagonjwa.

Kuna tukio jingine ambalo limenifanya niandike. Ni la zamani kidogo, kabla ya kujengwa daraja la kuvuka ghuba pale Busisi. Nilikuwa kituo kimoja upande wa magharibi wa ghuba, na usiku huo tulikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo. Mama mmoja alijifungua salama, mtoto akalia vizuri, kondo likatoka, halafu damu ikaanza kuja na haikukoma. Tulimpa dawa tuliyokuwa nayo, tukamwekea dripu, tukampandisha kwenye gari la wagonjwa kuelekea Mwanza. Tulipofika Busisi kivuko kilikuwa ng'ambo ya pili. Wanaoijua Busisi ya enzi hizo wanaelewa maana ya sentensi hiyo, na kwa wasioijua niseme tu kwamba huwezi kubishana na maji. Tulikaa pale karibu dakika 40. Mwanafunzi yule alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya gari, mkono mmoja juu ya tumbo la mama, anakikanda kizazi kama alivyooneshwa. Kila nilipomwambia apumzike nimpokee, alihisi kizazi kinalegea akakataa kuondoa mkono. Nilichofanya mimi ni kuhesabu mapigo ya mama, kubana mfuko wa dripu na kumsemesha asilale. Dereva alikuwa amezima taa za mbele, na mbali juu ya maji tuliiona taa ya kivuko, ndogo, haionekani kusogea.

Mama yule alifika hai na akarudi kwake na mtoto wake.

Asubuhi yake mwanafunzi aliniletea kitabu chake cha mazoezi nimsainie. Tulikipekua pamoja kurasa zote. Palikuwapo na safu ya wazazi aliowazalisha, safu ya sindano alizochoma, safu ya vidonda alivyosafisha. Kwa dakika 40 za Busisi hapakuwa na safu. Nikaandika maelezo pembeni, kwa herufi ndogo, nikatia sahihi na tarehe, na baadaye nikasikia kwamba chuoni kwake walimuuliza kwa nini kitabu chake kimechafuliwa kwa maandishi yasiyo mahali pake. Sikitaji chuo hicho na wala sikilaumu sana, kwa maana fomu huandikwa na watu wanaojua wanachotarajia, na Busisi haikutarajiwa. Jina lake halikutajwa miongoni mwa waliofanya vizuri mwaka aliohitimu. Niliwahi kukutana naye bandarini Nansio, Ukerewe, akiwa muuguzi kisiwani na akiwa na wanafunzi wake wawili wanaobeba maboksi ya chanjo nyuma yake. Alinisalimia "Shikamoo sista," kisha akageuka akawaambia wasiyaweke maboksi juani.

Sasa, Mhariri, tukisema mafanikio, tuhesabu nini? Takwimu za kitaifa zipo na zinatia moyo. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16 ulionesha vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa mwaka 2022 ukaonesha 104. Sidai kwamba wauguzi peke yao ndio walioleta tofauti hiyo. Kuna barabara, kuna vituo vilivyojengwa, kuna madaktari na vyumba vya upasuaji, kuna magari ya rufaa. Lakini mwanamke anayejifungulia kituoni nchini mwetu mara nyingi hupokelewa na muuguzi au mkunga, na ndiye anayegundua kabla ya mwingine yeyote kwamba mambo yanakwenda kombo. Utafiti huo huo, hata hivyo, una namba nyingine ambayo haitajwi sana kwenye hotuba. Watoto wachanga wanaofariki kabla ya kutimiza siku 28 walikuwa 25 kwa kila vizazi hai 1,000, na miaka kadhaa baadaye wakawa 24. Yaani tumewavusha mama zao, wao tumewaacha karibu pale pale.

Namba hiyo ni kazi ya uuguzi zaidi kuliko namba nyingine yoyote ninayoifahamu. Mtoto aliyezaliwa na gramu 1,400 anahitaji joto, maziwa kidogo kidogo, mikono safi na mtu wa kumtazama usiku kucha. Ule utaratibu wa kumfunga mtoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, tunaouita wa kangaruu, ulianzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, katika hospitali iliyokuwa na uhaba wa mashine za kutunzia njiti, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri uanze mara tu baada ya kuzaliwa badala ya kusubiri mtoto atulie kwanza. Unasikika kuwa rahisi. Mwenye kuufanya ndiye anayejua ugumu wake: mama amechoka, ana aibu kufungua kifua mbele za watu, mama mkwe anasema mtoto atakufa kwa baridi, na kanga inalegea kila akikohoa. Nimewaona wanafunzi wa shahada wakikaa na mama wa aina hiyo saa nzima, wakimfunga na kumfungua, wakimwita na mama mkwe aguse mgongo wa mtoto aone ulivyopata joto. Mtihani wa kuandika hauwezi kupima saa ile, lakini msimamizi wa wodi aliyeiona anaweza kuieleza, kama kuna atakayemuuliza.

Majengo tunayo zaidi ya zamani, na hilo nalo tulikiri. Baada ya ajali ya MV Nyerere ya Septemba 20, 2018, iliyotuachia msiba wa zaidi ya watu 220 karibu na Ukara, sehemu ya fedha za rambirambi ilielekezwa kukiboresha Kituo cha Afya Bwisya kisiwani humo, uamuzi ambao mimi binafsi niliuona wa busara kuliko mnara wowote. Tangu Juni 2025 tunalo Daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita kama 3, na gari la wagonjwa sasa linavuka kwa dakika chache pale tulipokuwa tukingoja taa isogee. Kila nikipita juu yake namkumbuka mwanafunzi yule na magoti yake. Ila wodi mpya bila muuguzi ni chumba chenye vitanda, na inasikitisha kwamba wapo vijana waliokwisha kuhitimu na kupata leseni ambao wako nyumbani kwao wakisubiri ajira, wengine wakiuza vocha, huku mwenzao mmoja kisiwani akibeba zamu mbili. Hapo siwalaumu vyuo. Wao wamekwisha kufanya sehemu yao.

Ombi langu kwa vyuo vyetu vikuu vya afya ni dogo na halina gharama kubwa. Katika kijitabu cha mahafali, baada ya orodha ya wahitimu, iwekwe orodha ya wodi na vituo walikofanyia mafunzo kwa vitendo, pamoja na wauguzi waliowasimamia, kwa ridhaa yao, na wale wa mbali kama Ukerewe na Sengerema walipiwe nauli waje wakae viti vya mbele siku hiyo moja. Katika kitabu cha mazoezi iongezwe japo nusu ukurasa isiyo na safu, ambayo msimamizi anaweza kuandika alichokiona. Na mwaka mmoja baada ya mahafali, chuo kieleze hadharani wahitimu wake wako wapi: wangapi wako wodini, wangapi visiwani, wangapi bado wanasubiri. Taarifa hiyo ingekuwa habari kubwa kuliko rangi za majoho.

Kwako wewe Mhariri, ombi ni kwamba msimu ujao, mwandishi wako akishapiga picha za ukumbini, umtume pia kwenye wodi moja mapema asubuhi, wakati zamu ya usiku inakabidhi kwa zamu ya mchana. Asimame pembeni asizuie njia. Atamwona muuguzi mwenye macho mekundu anapita kitanda kwa kitanda na kitabu cha ripoti mkononi, na nyuma yake mwanafunzi mwenye sare iliyopigwa pasi, anaandika. Wakifika kwenye dripu watasimama wote wawili kwa dakika nzima bila kusema neno. Mwandishi wako asidhani wamepumzika.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mkunga mstaafu,
Igoma, Mwanza.